Simu ya Vifaranga

Kifaranga akitoka kwenye yai anaweza kukaa siku nzima na usiku wake bila kula wala kunywa, kwa sababu tumboni bado amebeba kiini cha yai. Ndiyo maana unaweza kumpakia kwenye boksi alfajiri ukamshusha mbali akiwa mzima. Njaa haimtishi. Kinachomuua ni joto la gari lililosimama. Gari likitembea, upepo unapita kwenye matundu ya maboksi. Likisimama juani, hewa inaganda humo ndani kama ya sufuria iliyofunikwa. Haya nilifundishwa siku yangu ya kwanza depo, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Mimi kinachoniua ni simu.

Sifanyi mzaha. Nyumbani wakinituma nimpigie shangazi, naingia kwanza bafuni nasema maneno yote peke yangu, salamu zangu na majibu yake, na asipopokea nashukuru Mungu. Nilipokuwa kidato cha nne walipiga picha ya darasa wakanisahau, nami nikaona afadhali. Nilikwenda chuo cha ufundi kusomea ugavi kwa sababu nilidhani ni kazi ya rafu: unapanga vitu, unaviandikia namba, vitu havikuulizi habari yako. Mwalimu alichora mnyororo wa ugavi ubaoni, visanduku na mishale, na mishale ile ilikuwa kimya kabisa. Hakuna aliyeniambia kwamba kila mshale ni mtu ambaye lazima apigiwe simu.

Mwaka wa pili wa chuo chetu wote ni wa kazini. Nilipelekwa depo moja ya vifaranga hapa Kampala, chini ya Ntinda upande wa viwandani, wanapoletwa kila alfajiri kutoka kwenye mashine za kuangulia na kugawiwa kwa madereva. Ningeweza kwenda kwa miguu, maana tunakaa kambi ya polisi, si mbali. Baba ni polisi. Yeye anatoka kaskazini na mama ni Mnubi. Baba kanisani, mama msikitini, na kati yao Kiswahili. Kambini sisi watoto wote tumecheza kwa Kiswahili na kutukanana kwa Kiswahili. Mama akinibembeleza, ni Kiswahili. Hata daftari langu la usiku naandika kwa Kiswahili. Luganda nilikikuta shuleni, na nilipokisema walinicheka, nikaacha kukisema.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho wa baba kazini. Polisi akistaafu, nyumba ya kambini inarudi serikalini, naye alikuwa ameshasema familia itahamia kwao, kwenye shamba la babu.

"Mwenye masomo yanayoendelea atabaki kwa shangazi yake," alituambia mezani. "Asiye na kitu atapanda basi na sisi. Si adhabu. Ni hivyo tu."

Nikishindwa kazi ya mwaka huo, asiye na kitu angekuwa ni mimi. Kwa babu napapenda siku za Krismasi. Lakini nilijua nikipanda basi lile na mzigo wangu wote, chuo kimekwisha, na mwaka unaofuata nitakuwa nachota maji nikisema nitarudi, nitarudi.

Sasa msikie alivyonipokea Madamu. Madamu ndiye mkuu wa usafirishaji pale depo, mwanamke wa Kiganda mwenye sauti kubwa na simu mbili, na tangu asubuhi hadi jua kali anaongea na madereva kama anayeongea na watoto wake watundu. Alinitazama juu hadi chini, akaniita nyabo kama Waganda wanavyomwita kila mwanamke, akasema, "Miezi ya kwanza utapanga maboksi. Halafu nitakupa simu. Hii kazi ni mdomo, nyabo. Anayeogopa simu namrudisha chuoni kabla mwaka haujaisha. Nimeshawarudisha."

Nikasema ndiyo, Madamu. Hakusikia, ikabidi niseme tena.

Kitu kingine kilichoniharibia ni kwamba siku hiyo ya kwanza baba alinileta mwenyewe kwa pikipiki, akiwa na sare zake zote, kofia kichwani. Alinishusha getini akasema kwa sauti yake ya kazini, "Fanya kazi." Wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya maboksi matupu wanakunywa chai. Wote wakanyamaza. Nilipowasalimu kwa Kiswahili, ambacho huku kwetu ni lugha ya polisi na jeshi, mmoja akasimama akapiga saluti, mkono kwenye kipaji cha uso. Alikuwa mpakiaji mkuu, mwanamume mrefu anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Jambo, Afande," akasema, na wengine wakacheka ndani ya vikombe.

Basi nikawa Afande. Afande, leta gundi. Afande, boksi hili limefungwa vibaya, mkamate aliyelifunga. Nilikuwa nacheka kidogo ili nisionekane nina kiburi, halafu narudi kwenye maboksi. Kila boksi lina vyumba vinne ndani na huingia vifaranga mia moja na wawili. Mnunuzi analipa mia. Wale wawili Madamu huwaita wa njiani, kwa sababu njiani lazima atakufa mmoja au wawili, na mteja asije akahesabu pungufu. Nilikuwa nikifunga boksi nawaangalia wote wanapiga kelele sawasawa, nikijiuliza ni yupi na yupi aliyewekwa humo kwa ajili ya kufa. Mawazo kama hayo sikumwambia mtu.

Siku ambayo nataka kuisimulia, Madamu alikuwa na maziko ya jamaa yake nje ya mji. Aliondoka asubuhi na simu zake zote mbili, akaniachia kisimu kidogo cha batani chenye laini mpya.

"Magari yote yameshatoka," aliniambia. "Huenda hata kisilie. Kikilia, pokea."

Nilikiweka mezani nikakaa mbali nacho.

Kililia jua likiwa limeshapanda. Alikuwa Madamu, ananong'ona, na nyuma yake watu wanaimba.

"Mama wa Ggaba anauliza vifaranga wake, kanipigia mara ngapi sijui. Mpigie dereva wa Ggaba. Yule mpya. Muulize yuko wapi, yuko na nani, amebakiwa na nini. Usinipigie tena, tunashusha mwili."

Dereva yule mpya alikuwa mtu mzima, umri wa baba, mpole, aliyeanza kazi wiki chache nyuma. Kila asubuhi aliitikia salamu yangu akitazama chini. Siku hiyo alikuwa na maboksi ya kushusha kwanza kwa wanunuzi wanaongojea mabasi karibu na soko la Owino, na yaliyobaki yote ya Mama wa Ggaba.

Nilikwenda nyuma ya rundo la maboksi matupu nikajifunza maneno kwa Luganda. Nilijifunza salamu, jina la depo, swali la kwanza. Nikabonyeza. Simu ikaita, ikaita, nikaanza kuomba asipokee.

"Halo?" akasema.

Luganda chote kikanitoka. Nilitafuta hata neno moja la salamu sikulipata. Nilichobaki nacho ni Kiswahili, na koo lilikuwa limekauka, kwa hiyo sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, bapa, ya baba akiwa getini.

"Uko wapi?"

"Kansanga," akajibu taratibu.

"Uko na nani?"

Sikungoja ajibu.

"Umebeba nini?"

Ni maswali yale yale Madamu anayowauliza kila siku, ila yeye huanza na habari za watoto na utani wa suruali. Mimi niliyatupa moja baada ya jingine ili yaishe haraka.

"Afande," dereva akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, na sauti yake ikawa ndogo kuliko yangu. "Afande, nisamehe."

Simu ikakatika.

Niseme ukweli: kwanza nilisikia nafuu. Simu ilikuwa imekwisha. Niliegemea maboksi nikavuta pumzi. Baadaye kidogo ndipo nikayasikia yale maneno aliyosema, nikapiga tena, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Mpakiaji mkuu alinikuta nimesimama palepale nimekishika kile kisimu kama kitu kilichoniuma.

"Vipi, Afande? Umempata?"

Nikamweleza. Alianza kucheka, halafu kicheko kikamkatika katikati.

"Umempigia kwa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Kwa laini ile mpya ambayo haijui?"

"Ndiyo."

"Bila hata habari ya asubuhi?"

"Nilisahau."

"Banange." Alivua kofia ya sufu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. "Yule mzee leseni yake imekwisha. Sisi wote tunajua, Madamu tu ndiye hajui. Kila akiona trafiki anatokwa jasho. Huyo saa hii ameshaacha gari."

"Ameliacha vipi?"

"Ameliacha. Ametoka, ameenda."

Nilitazama nje. Jua lilikuwa jeupe juu ya mabati ya viwanda vya jirani. Asubuhi wakati wa kupakia kulikuwa na manyunyu, na nilikumbuka vizuri kwamba nilisaidia mimi mwenyewe kulifunga turubai la pikapu ile pande zote, kamba juu ya kamba. Dereva huwa analikunja jua likitoka. Kama alikuwa amelikunja au la, sikujua.

"Mpigie baba yako," mpakiaji akasema. "Si trafiki wote ni ndugu zake? Dakika hii watalipata gari."

Baba ndiye mtu pekee ninayempigia bila kwenda bafuni kwanza. Kidole kilikuwa tayari juu ya batani. Halafu nikamuona yule mzee, popote alipojificha, akichungulia na kuona sare ya kweli imesimama kando ya pikapu yake. Na nikamuona baba jioni akikaa mezani, akiniuliza kwa upole, kwa hiyo umeshindwa? Huo upole ndio niliouogopa zaidi.

"Hapana," nikasema. "Twende sisi."

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe. Sijui kuongea na watu."

"Nakuja kwa ajili ya vifaranga," akasema akirudisha kofia. "Si kwa ajili yako, Afande."

Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati. Njia nzima nilikuwa naomba kwa dini zote mbili. Sikuomba pikapu ipatikane tu. Niliomba pia nisije nikaambiwa niongee na mtu. Nilijua nikirudishwa chuoni kwa kosa kama hili, hakuna depo nyingine itakayonichukua kabla mwaka haujaisha, na shangazi hataweka mtu asiyesoma. Nililiona basi, na gunia la nguo zangu juu yake.

Pikapu tuliiona Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, mbele ya duka la saruji na misumari. Imeegeshwa nusu barabarani, matairi yamepinda, mlango wa dereva haukufungwa vizuri. Turubai lilikuwa bado limefungwa pande zote. Mpakiaji akaweka sikio kwenye turubai.

"Wanalia bado," akasema. "Wakinyamaza ndiyo mbaya."

Tukafungua kamba. Mafundo yale niliyoyakaza mwenyewe asubuhi yalinivunja kucha. Tulipoinua turubai hewa iliyotoka ilinipiga usoni, ya moto, yenye harufu ya manyoya na maganda ya mpunga. Hapakuwa na kivuli barabarani. Kivuli kilikuwa kimoja tu, baraza ya lile duka, na mwenye duka alikuwa amesimama katikati yake, mikono kiunoni.

"Hili gari ni lenu?" aliuliza kwa Luganda. "Mmenizibia duka."

Nilimgeukia mpakiaji. Yeye alikuwa amepanda juu ya pikapu, tayari ameinua maboksi mawili, ananingojea mimi nimwambie aweke wapi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu.

Kwa hiyo nikasema. Nilisema kwa Luganda, kibovu, maneno yamepangwa kama mbao zilizoanguka. Nilisema ssebo, yaani bwana, samahani, hawa watoto wa kuku wanakufa, tuazime kivuli. Nilipokosa neno nikaonyesha kwa mikono. Kijasho kilikuwa kinaniingia machoni na nilidhani ni machozi, labda yalikuwa yote mawili.

"Kuku?" akasema. "Wangapi?"

"Wengi."

Akatazama boksi. Kutoka kwenye matundu vidomo vidogo vilikuwa vimetokeza, vimefunguka, bila sauti.

"Shusha," akasema. "Lakini wakininyea, utafagia wewe."

Tulishusha yote. Nilifungua vifuniko nikaanza kupepea kwa kifuniko kimoja, boksi hadi boksi, kama mama anavyopepea jiko la mkaa. Wengine walikuwa wamesimama wameachanisha vibawa na miili, wanahema. Wengine walikuwa wamelala. Nikigusa aliyelala, akiinua kichwa nilimwacha. Asipoinua, nilimtoa nikamweka kando kwenye kifuniko. Mwanzoni nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, huyu wa njiani, huyu wa njiani. Kisha kwenye maboksi mawili wa njiani wakapita wawili, wakaendelea, nikaacha kuhesabu.

Watu walijaa. Kampala ukisimamisha kitu barabarani wanakuja.

"Nyabo, mmoja bei gani?"

"Hatuuzi."

"Sasa mnawatandaza wa nini?"

"Wanapumua."

"Na hao waliolala ni bei nafuu?"

Mpakiaji akawafukuza kwa kofia. Mimi niliendelea kupepea. Mwenye duka akaleta jagi la maji akanyunyizia sakafu ya baraza, na pakapoa kidogo.

Nilipoinua kichwa, dereva alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro.

Alikuwa ametoka kwenye kibanda cha chapati hapo jirani. Mkononi alikuwa na roleksi, chapati ya mayai iliyokunjwa kwenye gazeti, ambayo hakuwa ameiuma hata mara moja. Baadaye alituambia aliinunua ili aonekane mteja. Alikuwa amekaa mle muda wote akilitazama gari lake, akingoja askari waje.

"Ni wewe uliyenipigia?" akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe? Mtoto wa maboksi?"

"Ni mimi, ssebo. Nisamehe."

Aliruka mtaro akaja, akatazama maboksi, akatazama kile kifuniko cha waliokufa. Aliiweka roleksi chini polepole.

"Mbona unaongea kama kizuizi cha barabarani?"

Mpakiaji akacheka hadi akakaa. Mwenye duka naye akacheka, ingawa sidhani alijua jambo lenyewe. Dereva hakucheka. Alichukua kifuniko kingine akaanza kupepea upande wake, na tukipepea aliniambia jambo, kwa Luganda cha taratibu ili nielewe.

"Leseni ni kweli, imekwisha. Lakini si leseni tu. Nilipokuwa mdogo, kipindi kile kibaya cha wanajeshi, Kiswahili kikiingia uani kwetu, sisi tulitoka kwa nyuma. Hatukungoja kusikia kinasema nini. Mara moja kaka yangu alingoja." Alipepea. "Miguu yangu bado ni ya wakati ule."

Nilifikiria mama anavyoniambia lala, mwanangu. Lugha ni ile ile.

Vifaranga walipoanza kulia kwa kelele za kawaida tukawapakia tena, turubai limekunjwa juu, na kwa kuwa dereva hakutaka tena kushika usukani bila leseni, mpakiaji ambaye yake ni nzima ndiye aliyeendesha. Tulikwenda Ggaba taratibu, madirisha wazi. Kile kifuniko cha waliokufa kilikuwa miguuni kwangu.

Mama wa Ggaba ana mabanda yake juu kidogo ya mahali wanaposhushia samaki, na uwanja wake wote unanuka dagaa anaowachanganya kwenye chakula cha kuku. Alikuwa amesimama getini na kanga kiunoni. Hakutusalimu. Alifungua maboksi akapitisha mkono ndani ya kila moja, haraka, kama anayehisi joto la mtoto. Kwenye yale maboksi mawili mkono ukakaa.

"Hawa wamepungua kupita kiasi," akasema. "Nini kimetokea?"

"Mama, jamu ya leo," mpakiaji akaanza, "pale Kabalagala, hata mguu haupiti..."

"Sikukuuliza wewe. Nimepita hapo asubuhi." Akanitazama mimi. Labda kwa sababu nilikuwa na manyoya ya njano kichwani kote. "Wewe mtoto. Jamu ilikuwa wapi?"

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua ningesema jamu, tungekuwa salama watatu wote kwa siku hiyo. Lakini uongo nao unahitaji kuongea sana, unahitaji kujibu maswali ya pili na ya tatu, na mimi nguvu za kuongea zilikuwa zimeniishia barazani.

"Hakukuwa na jamu," nikasema. "Nilimpigia simu kwa Kiswahili, akadhani ni askari. Akaogopa."

Mama wa Ggaba alifungua mdomo. Kisha akacheka, akashika nguzo ya geti, akacheka tena hadi kanga ikalegea.

"Askari! Kasauti haka? Hebu sema. Sema kama ulivyosema."

"Mama, hapana."

"Sema, nisikie."

Nikasema. Nilikuwa naogopa kama asubuhi ile, kwa hiyo ikatoka vilevile. Uko wapi. Uko na nani. Umebeba nini.

Kicheko chake kilikwisha. Alikuwa bado ameshika nguzo, lakini sasa kwa namna nyingine. Alinitazama kama mtu anayetafuta mlango.

"Eh," akasema polepole. "Hata mimi ningekimbia."

Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga. Maisha yangu yote nimekuwa nikidhani mimi ndiye ninayeogopa watu.

Asubuhi iliyofuata Madamu alikuwepo depo kabla yetu sote. Nilikuwa nimevaa nguo zangu nzuri, kwa sababu niliona kama narudishwa chuoni afadhali nirudi nimevaa vizuri. Dereva alikuwa ameshatoka ofisini kwa Madamu. Alikuwa amemwambia mwenyewe juu ya leseni, na Madamu alimpa ruhusa ya kwenda kuihuisha, kwa maneno ambayo sitayaandika.

"Kaa," Madamu akaniambia.

Nikakaa.

"Nimewarudisha chuoni watoto walioogopa simu." Alizungusha kalamu. "Lakini sijawahi kupata aliyeogopesha kwa simu. Sijui nikuweke wapi."

Niliona basi.

"Mama wa Ggaba kanipigia. Anadai vifaranga wake waliopungua, na atalipwa. Halafu kasema, yule mtoto aliyewatoa wafu kwa mkono wake na kusema hakukuwa na jamu, usimfukuze, madereva wako wote ni waongo." Akaweka kalamu chini. Macho yake yakaanza kucheka, na nikaogopa zaidi. "Kwa hiyo nimefikiri. Hawa wanaosema niko karibu, niko karibu, kumbe wako kitandani. Kuanzia leo wapigie wewe. Kwa ile sauti. Bila salamu."

Lilikuwa jambo zuri kwangu. Lilikuwa linaninusuru, na nililielewa hivyo palepale. Nikafikiria miguu ya yule mzee.

"Sitaki, Madamu."

Hilo lilitoka kabla sijalifanyia mazoezi. Alinyanyua kichwa.

"Hutaki kupiga simu?"

"Nitapiga. Naomba nianze na salamu. Niseme kwanza mimi ni nani." Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. "Ile sauti sitaki kuitumia."

Huko nje wapakiaji walikuwa wamenyamaza, wanasikiliza.

"Salimia hata ng'ombe zao," Madamu akasema. "Lakini piga."

Basi nilibaki. Nasema mapema, ili anayesoma asihangaike kama nilivyohangaika mimi, maana hata baada ya hapo kila Ijumaa niliamini ndiyo siku ya kurudishwa. Mwaka ulipoisha Madamu alinijazia karatasi ya chuo bila hata kunitazama. Nyumba ya kambini ilifungwa, baba na mama wakapanda basi na magodoro, na mimi nilisimama upande wa nje wa dirisha lao nikiwapungia, halafu nikaenda kwa shangazi. Simu bado naiogopa. Bafuni bado naingia, ila sikai sana.

Ila siku ninayoikumbuka zaidi ni ile dereva aliporudi barabarani na leseni mpya. Magari mengine yalikuwa yameshapakia, yeye hajafika, na Madamu alinisukumia kile kisimu cha batani mezani, mbele ya kila mtu. Mpakiaji mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakusema Afande.

Nikabonyeza. Ikaita.

"Habari ya asubuhi, ssebo," nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha yangu. "Ni mimi, mtoto wa maboksi. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Nikasikia anapumua.

"Hawajambo, nyabo," akasema.

"Namshukuru Mungu. Umefika wapi?"

Nilingoja aseme niko karibu. Wote husema niko karibu.

"Sijatoka," akasema. "Bado niko nyumbani. Natafuta kiatu kimoja."